Vidonge Ndani ya Pumba

Rosa Niyomwungere hakuwa mwizi wala mchawi, hata kama siku hizi kijiji kizima cha Nyakitonto kinamteta. Alikuwa mama wa Careen, mtoto wa miezi saba, mwenye nyumba inayovuja na nguruwe wanne waliokataa kunenepa. Mvua zilikuwa zinakaribia na yeye alitaka mabati, basi.

Wanunuzi wa Kasulu hawaji na mizani. Wanakuja na kamba yenye fundo, wanamzungushia nguruwe kifuani, na asipolifikia fundo wanaondoka zao. Kwa Rosa waliondoka hivyo mara mbili.

Hapo ndipo alipopata wazo, na ubaya wa wazo lile ni kwamba lilikuwa na akili. Miaka mitatu nyuma alikuwa amekonda, nguo zinamvuka, hadi zahanati ilipompa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Alizinywa akanawiri, mashavu yakarudi. Kilichomnenepesha yeye kingeshindwaje kumnenepesha nguruwe? Akaanza kuponda vidonge kwenye kinu na kuvichanganya na pumba. Mwanzoni aligawana na nguruwe, kisha akawaachia vyote, maana mwenyewe alijiona mzima kabisa.

Siku ya Jumanne akaja bwana mifugo, Nickson, mtu mpole wa Singida, akipita banda kwa banda kusaka dawa za kunenepesha zilizopigwa marufuku. Aliinama kwenye kihori, akaona unga mweupe. Pembeni akaokota kopo la zahanati.

"Mama Careen, kuwapa mifugo dawa hizi ni kosa. Nguruwe hawa hawauzwi, hawachinjwi, mpaka wilaya iamue."

"Mawe we, mama yangu!" Rosa akapiga magoti kwenye matope, mtoto mgongoni. "Bwana mifugo, mvua ndiyo hiyo inakuja. Mtoto analowa kitandani! Niachie hata mmoja."

Nickson hakuandika kitu. Alilitikisa kopo, halikulia.

"Wewe mwenyewe umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Tangu tuvune maharage sijanywa," alisema kwa sauti ndogo. Maharage yenyewe yalikuwa yamekwisha kuliwa, na mengine yanasubiri kupandwa.

"Na mtoto unamnyonyesha?"

Rosa akamgusa mtoto mgongoni. Kila alipompeleka Careen kliniki, nesi Asnath alimwambia jambo lile lile: dawa anayokunywa mama ndiyo inayomkinga mtoto anayenyonya asipate virusi kwenye maziwa. Na kila mara Rosa aliitikia kwa kichwa. Alidhani dawa ikishaingia mwilini inabaki humo, kama chanjo. Hakuna aliyemdanganya, alijidanganya mwenyewe.

"Panda pikipiki twende zahanati sasa hivi," Nickson alisema. "Nguruwe waache."

Careen akaamka kwa makelele. Rosa alimshusha mgongoni, akafungua kifungo cha blauzi kama kila siku, kisha mkono ukasimama papo hapo. Mtoto alilia akilitafuta titi kwa mikono miwili, na mama yake akawa anamsukuma.