Nyuzi Kumi na Mbili Mezani kwa Afisa

Fundi cherehani mmoja, ambaye wateja walimwita Taratibu kwa jinsi alivyozungumza kidogo na polepole, aliitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Yeye na mkewe walikuwa wameachana, binti yao wa miaka tisa akabaki kwa mama, na sasa afisa alitakiwa kupanga pesa za matunzo kulingana na kipato cha baba. Kutoa, Taratibu hakukataa. Alichohofia ni kupangiwa kiasi kikubwa, mwezi mbaya ukifika ashindwe, halafu binti asikie kwamba baba yake hamtunzi.

"Daftari la mapato liko wapi, fundi?" afisa akauliza.

"Sina, mama."

"Mshahara wako kwa mwezi?"

"Najilipa mwenyewe. Mwezi mwingine najikopa."

Mama mtoto, aliyeketi kando, akadakia. "Mimi nilipita kibandani kwake shule zilipokaribia kufunguliwa. Watu walijaa mpaka nje. Huyu pesa anazo, mdomo ndio hana."

Taratibu akafungua mfuko, akatoa nyuzi kumi na mbili, mmoja kwa kila mwezi wa mwaka. Kila aliposhona nguo alihifadhi kipande cha kitambaa kilichobaki, akakitunga kwenye uzi wa mwezi ule, ili nguo ikichanika mteja apate kiraka cha rangi ileile. Uzi wa mwezi wa shule ulifura kama mkia wa jogoo. Uliofuata ulikuwa na vipande kumi na kimoja tu.

Afisa akavihesabu kimoja kimoja, akauliza bei za ushonaji, akaondoa gharama za kodi ya kibanda, umeme, uzi na vifungo.

"Na hivi vilivyopigwa fundo?"

Taratibu akatazama viatu vyake. "Hivyo sikulipwa. Usivihesabu."

"Wanakudai au unawadai?"

"Hakuna anayemdai mwenzake."

Mama mtoto akasogea. Cha bluu kilikuwa cha sare ya binti. Cha maua ya njano, gauni la binti. Kisha akashika cha zambarau.

"Baba mtoto, hili si gauni langu? Uliniambia mteja amekataa kulichukua."

"Ndiyo."

"Mteja gani huyo mwenye kiuno changu?"

Afisa akainamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

Kiasi kikapatikana, wastani wa mwaka mzima. Hata mwezi mwembamba Taratibu angekiweza, kwa kujibana. Akakohoa.

"Mwezi wa shule andika mara mbili. Mwezi huo ninazo, na mtoto anataka madaftari."

"Leo umeongea kuliko miaka yote ya ndoa," mama mtoto akasema, akavuta kalamu akatia saini wa kwanza.

Mlangoni akageuka. "Jumamosi nitamleta umpime. Sare imekuwa fupi. Na usinitajie mteja yeyote."

Taratibu akarudi kibandani akitembea kwa wepesi. Akatunga sindano uzi wa mwezi mpya, akakata kipande cha bluu, akakipiga fundo kabla hata binti hajaja kupimwa.