Mwalimu Shee na Mteremko wa Chania

Walimu wa udereva mjini Nyeri miaka hiyo ya sitini walifundisha kwa kufoka. Shee wa mtaa wa Majengo alifundisha kwa kuuliza, kisha akanyamaza mpaka ajibiwe.

Mwaka wa sitini na tisa alimpata mwanafunzi kutoka Wamagana huko Tetu, Monicah Watiri. Mume wake, Gicheru, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akavunjika nyonga, na pikapu yao ikabaki uani, kuku wakitagia ndani, huku kabichi zikiozea shambani. Monicah akasema ataiendesha mwenyewe. Kijiji kizima kikapata mazungumzo.

Kwenye uwanja tambarare aliendesha vizuri, na gia aliingiza bila kelele. Lakini kila walipofika juu ya mteremko wa mto Chania, alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono na kuomba warudi.

Siku moja Shee hakukubali kurudi. Alizima injini.

"Mama Monicah, unaogopa nini hasa?"

"Gari itanishinda, Mwalimu. Tutaingia mtoni."

"Ikianza kukushinda, mguu wako utafanya nini?"

Monicah alifikiri. "Utakanyaga breki."

"Na breki ikikataa?"

"Nitarudisha gia ya chini. Halafu nivute hii ya mkono."

"Nani amekufundisha?"

"Si ni wewe."

"Basi kuuepuka mto unajua. Nini kingine?"

Monicah alitazama chini, ng'ambo ya daraja, ambako watu walikuwa wamekaa kando ya duka. Shee alingoja. Mbuzi walipita, na mchungaji wao akapita, na Shee bado alikuwa anangoja.

"Ni wale," Monicah alisema mwishowe. "Shemeji yangu Kihara anakaa hapo kila siku. Gari ikizimika mbele yake, ataniimba mpaka Krismasi."

"Kihara anaendesha gari gani?"

"Kihara? Hata baiskeli hajui."

Alijisikia akilisema hilo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Monicah aliwasha gari, akateremka polepole kwa gia ya pili, akavuka daraja. Mbele ya duka gari ilizimika kweli. Kihara alisimama, akafungua mdomo.

"Habari ya asubuhi, shemeji," Monicah akamwambia, akawasha tena, akapanda mlima.

Alipita mtihani mara ya kwanza. Msimu uliofuata alikuwa akipeleka kabichi Karatina, zake na za majirani, na wanawake watatu wa Tetu wakaenda Majengo kumtafuta Shee.

Jioni moja Monicah alimkuta mwalimu wake sokoni Karatina akitafuta usafiri wa kurudi Nyeri, akampakia mbele. Kabla hawajafika Marua, Shee alikuwa amelala fofofo, kofia ikiwa imemwangukia puani.