Fundi Bomba na Uzi wa Mama Mkwe

Mume wangu Pontien ni fundi bomba, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mabomba mawili yamekutana akayaacha bila gundi. Nusu ya nyumba kuukuu za hapa mtaani kwetu Berea zinamjua. Hupanda kilima na begi lake begani akirudia maneno yaleyale, kwamba kazi ya Pontien haivuji.

Aliyemshinda ni mtu mmoja tu, mama yangu.

Mama alikuja kutoka Bujumbura nilipokuwa na mimba ya miezi minane, akitaka awepo nikijifungua. Pontien ni Mkongo wa Uvira, lakini kwa heshima ya mama mkwe hakuna Mrundi anayemfikia. Mama akiingia sebuleni, yeye anatoka. Wakikutana mlangoni, anatazama viatu. Mama naye hakumsaidia hata kidogo. "Lyse, umwambie Monsieur Pontien chakula iko mezani," anasema, na huyo Monsieur Pontien amesimama hatua mbili kutoka kwake. Wiki tatu nzima nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaosema Kiswahili kimoja. Nilichoka, na zaidi ya kuchoka niliumia. Mtoto akishazaliwa Mama angerudi kwao, na nani ajuaye tungeonana tena lini? Nilitaka aondoke akimjua mwanaume niliyemchagua.

Sandukuni Mama alikuwa amebeba triko ya marehemu baba. Ni sweta la buluu alilomfumia mwenyewe, na sasa alitaka kulifumua amfumie mjukuu wake blanketi. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja kama tambi, kwa hiyo lazima uzungushwe kwenye kitu, uloweshwe, ukauke ukiwa umevutwa ndipo unyooke. Nyumbani alikuwa na kifaa cha mti kwa kazi hiyo: mpini mmoja na fimbo mbili za kukingama, moja juu, moja chini. Alinieleza mimi. Pontien alikuwa jikoni akisikiliza, akijifanya anaosha kikombe.

Kesho yake alirudi kutoka duka moja la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Warwick, na bomba jembamba la plastiki, viungo viwili vya T na vifuniko vinne. "Eighty rand tu," aliniambia mimi, ili nimwambie Mama. Akapima, akakata, akaunga, akaziba ncha zote kwa vifuniko ili uzi usichomoke. Kilikuwa kizuri kweli. Mama akazungusha uzi wa mgongo wote wa triko mpaka mimi niliyekuwa natazama nikashikwa na kizunguzungu, kisha akaulowesha na kukitundika barazani.

Jumapili baada ya kanisa uzi ulikuwa mkavu, umenyooka. Mama akashika kifuniko kimoja, akavuta ili auchomoe uzi wote kwa pamoja. Hakikutoka. Akajaribu cha pili.

"Lyse, umuulize Monsieur Pontien hii inafungukia wapi."

"Haifunguki," Pontien alinijibu mimi, macho kwenye viatu. "Nilitia gundi yote. Haiwezi kuvuja."

"Ivuje nini, Pontien? Sufu?" nilimuuliza.

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni. Wao hawakucheka. Tulijaribu kuurudisha uzi kinyumenyume, lakini sufu ya zamani ina vinyweleo, ilikuwa imeshikana, na mzunguko wa tano ukataka kukatika. Shada, yaani uzi wote uliozungushwa, lilipaswa litoke zima, likung'utwe kwanza. Basi, ama ukatwe uzi, ama likatwe bomba.

"Uzi ya mzee haikatwi," Mama alisema.

Pontien akaenda kuleta msumeno. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwona akikata kitu alichokiunga kwa mkono wake. Alikata polepole, kidole gumba amekiweka kati ya meno ya msumeno na uzi, na kilichochanika kikawa ni kidole. Vifuniko viwili vikaanguka sakafuni. Shada likatoka zima, Mama akalikung'uta.

"Sasa nani atanishikia, nikunje bonge?"

Mikono yangu ilikuwa imevimba kwa mimba. Tulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo ulionyooka, ambacho kingelishika shada lile bila shida yoyote, nami nilikuwa nimekikalia. Sikuinuka. Nilimtazama tu mume wangu. Akafunga kitambaa kwenye gumba, akaketi kwenye stuli mbele ya mama mkwe wake, magoti yakikaribia kugusana, akanyoosha mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Bonge lilikuwa limefika ukubwa wa chungwa Mama aliposema, "Baba yake Lyse alikuwa anaogopa mama yangu hivi hivi. Siku moja alitokea kwa dirisha, ili asikutane naye kwa mlango."

Halafu Pontien akainua macho.

"Dirisha ya juu ao ya chini, Mama?"

"Ya juu! Akaangukia ndani ya maharagwe yake mwenyewe."

Pontien alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Kisa kile hata mimi sikuwahi kukisikia. Nilikwenda jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikalia kidogo hukohuko kwa furaha.

Lakini fundi ni fundi. Ijumaa alileta kifaa kingine, chenye miguu mitatu na mikono minne inayozunguka juu ya boliti. Kiungo kimoja alikiacha bila gundi, na kila akipita alikigusa kuhakikisha kiko salama.

"Mama, hii itashika uzi yenyewe," alimwambia. "Hautasumbua mutu tena."

Mama akakisukuma kwa kidole. Kikazunguka bila sauti.

"Kazi safi," akasema. Kisha akaanika juu yake soksi za mtoto alizotoka kuzifua, akachukua shada la uzi wa kifua cha triko, akavuta stuli mbele yake.

"Pontien, mwanangu, kaa hapa. Lete mikono."