Visigino Virefu Kwenye Maziko ya Kisoko

Cheka kama unataka, lakini cheka polepole, maana aibu yangu ilinikuta kando ya kaburi, mbele ya ukoo mzima wa mwanamume niliyetaka kuolewa naye.

Mimi nauza nguo Busia, upande wa Kenya, na mchumba wangu Owor ni mtu wa Kisoko, kule Tororo, Uganda. Mama yake alikuwa akinipigia simu, "Kuja nikuone, mtoto yangu," nami kila mara nasema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka akafariki bila kuniona. Basi siku yangu ya kwanza kwao ikawa siku ya maziko, na baba yake Owor ndiye angesema kama nafaa au sifai, nikaamua kuvaa visigino vyangu virefu vyeusi (mimi mfupi, bila hivyo namfikia Owor kwapani). Vinanibana vidole mpaka machozi yananilenga, lakini nikivivaa najiona mtu.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Athieno, dada yake Owor, alinipokea miguu mitupu, akaniangalia chini.

"Wifi, toa hiyo viatu. Hapa tope iko mingi."

"Nimezoea," nikamjibu. (Nimezoea wapi? Dukani, juu ya saruji!)

Katekista alipomaliza sala, familia tukaitwa kutupa udongo. Mzee, baba yake Owor, alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, udongo tayari mkononi, nami nikapita nyuma yake kwa madaha ya kijinga, kisigino kikazama, mguu ukabaki mwili ukaenda, nikaona shimo na jeneza mle chini, nikakamata kilichokuwa karibu. Nilimkamata baba mkwe, shingoni, kwa mikono yote miwili, tukaanguka pamoja topeni.

Kwao mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Nyimbo zilikatika. Wazee wakamwinua, wakamwondoa pale mpaka jambo lile lizungumzwe, naye anageuka nyuma, anasema, "Ngoja, mimi bado." Lakini mvua ilikuwa imeanza tena, na vijana wakafukia.

Nililia pale nimevaa kiatu kimoja. Owor hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Ulitaka nani akuone?"

Juzi Athieno alinipigia. Nilitaka sana kujua kama nimekubaliwa, lakini nikaona haya, nikauliza habari za mzee.

"Iko mzima," akasema. "Lakini kila asubuhi yeye nakwenda kwa kaburi na udongo kwa mkono. Yeye namwaga juu ya simiti, halafu narudi nyumba."

Msiniambie visigino virefu vinapendeza. Najua vinapendeza, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi sivivai tena, hata siku ya harusi yangu, kama harusi itakuwepo.