Barua Niliyoisaini Bila Kuisoma

Nakumbuka Jumamosi moja ya jua kali, mwanangu, jua ambalo ungeniwekea chapati mgongoni ingeiva pande zote bila kugeuzwa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za zege pembeni ya uwanja wa mpira wa kikapu wa shule moja kule Temeke, nawatazama wanangu wawili wakicheza. Neema alikuwa na miaka kumi na mitatu, Yohana kumi na mmoja, na timu yao ilikuwa ya mchanganyiko, wavulana na wasichana pamoja. Watu waliniona nacheka, maana mie ni mtu wa kucheka, hata leo mnanijua. Lakini ndani nilikuwa natetemeka kama bati la kibanda lori linapopita. Kilichonitetemesha kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu: karatasi moja, imekunjwa mara nne.

Nikusimulie jinsi karatasi ile ilivyofika mfukoni. Usiwe na haraka, chai yenyewe bado ya moto.

Enzi hizo nilikuwa kibarua kwenye yadi ya makontena Kurasini, napakia na kupakua. Ungenisikia nilivyokuwa najieleza kwa wazazi wenzangu, ungedhani bandari nzima haifungui geti mpaka mie nipige chafya. Niliwaambia ni karani. Karani gani, mwanangu. Namba nilizijua, nilizisoma kwenye makontena kila siku, lakini maneno yalinishinda. Nilitoka Singida nikiwa kijana aliyeliona darasa kupitia dirisha, huku nachunga mbuzi. Kusoma sikujua.

Siri hiyo ilikuwa kwa mtu mmoja tu, Mama Neema. Yeye ndiye aliyenisomea kila kitu, chumbani, mlango tumeurudisha. Mwaka ule akaenda Singida kumuuguza mama yake, nikabaki na watoto kule Chanika karibu mwezi mzima. Barua za shule zikija naye hayupo, nilikuwa na ujanja wangu wa siku nyingi. Nakaa kwenye kochi, nanyoosha miguu, namwita binti: "Neema, hebu soma kwa sauti, nione kama hiyo shule inakufundisha." Anasoma. Mie natikisa kichwa kama profesa, na mara nyingine namkosoa kabisa: "Hapo umekimbia, soma taratibu." Nilijiona mjanja kuliko wizara nzima ya elimu.

Basi, Jumatano ya wiki ile Neema akaja na barua ya kocha. Nikamwambia soma. Akasoma kwamba wazazi wote wanakaribishwa Jumamosi kuangalia mchezo, na kwamba mzazi asaini kipande cha chini. Yohana alisimama mlangoni kimya, anakwaruza ukuta kwa kucha. Sikumjali. Neema akanionyesha kwa kidole, "Weka tiki hapa, baba. Halafu saini hapa." Nikaweka. Saini yangu nilijifunza kwa kukariri, ilikuwa na mikia mingi kuliko tiara. Neema akakata kipande cha chini kwa mkasi akampelekea kocha. Kipande cha juu nikakikunja, nikakitia mfukoni kama leseni.

Jumamosi ikafika. Kabla mwamuzi hajapuliza filimbi, kocha akanifuata pale kwenye ngazi. Kijana mwenye adabu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, mwalimu."

"Nashukuru umemuwahisha Yohana kwa daktari. Sikulala, nilikuwa namfikiria. Na kamruhusu kabisa, eti?"

Mtu anayeficha kwamba hajui kusoma ana jibu moja kwa maswali yote, nalo ni ndiyo. "Ndiyo, mwalimu, kabisa kabisa," nikajibu, kabla hata sijaelewa nimeulizwa nini. Akashukuru tena, akarudi kwa watoto. Ndipo maneno yakaanza kuniingia, moja moja. Daktari yupi? Kwani Yohana ana nini?

Pembeni yangu alikaa Bi Sakina, bibi yake Zahra aliyekuwa timu moja na wanangu. Bi Sakina ni Mhindi wa hapa hapa, mwenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa kinanizidi hata mie. Alikuja kila mechi na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akimkosoa mwamuzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama yangu mzazi angekuwa hai wangelingana umri.

Mchezo ukaanza. Yohana alikuwa mwepesi, miguu kama ya swala. Akawa anakimbia mpaka chini ya kikapu, yuko peke yake, mikono juu, anaita, "Neema, Neema." Neema ana mpira, anamwona, anampa mtu mwingine. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tano.

"Baba Neema," akasema Bi Sakina, "binti yako mchoyo huyo. Mdogo wake yuko wazi pale, hampi."

"Ugomvi wa nyumbani huo," baba mmoja akadakia kutoka nyuma yetu. "Kamlia chapati yake asubuhi." Ngazi nzima ikacheka. Na mie nikacheka, tena kuliko wote.

Lakini Neema hakuwa mchoyo. Yule mtoto alikuwa anamega kipande chake cha mwisho cha mhogo anampa nduguye. Nikaanza kumwangalia yeye badala ya mpira. Kila Yohana alipokimbia, Neema alimtazama usoni, halafu akageuka kunitazama mie, halafu haraka akatazama chini. Nikatambua kwamba binti yangu anaogopa, na anachokiogopa anakijua, mie sikijui.

Nikatoa karatasi mfukoni. Nikaikunjua. Nikaitazama, nayo ikanitazama.

"Barua ya kocha hiyo?" Bi Sakina akauliza. "Mbona umeishika kama umeshika nge."

"Nimesahau miwani nyumbani," nikasema. Sijawahi kuwa na miwani, hata ya jua.

"Si useme." Akavua yake, akaifuta kwa ushungi wake, akanipa.

Nikavaa. Mwanangu, herufi zilizokuwa sisimizi zikawa siafu. Zikanenepa, zikajipanga mstari mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata moja iliyoniambia neno. Nikapitisha macho kushoto kwenda kulia, taratibu, kama nilivyomwona Mama Neema akifanya.

"Umeona sasa?"

"Nimeona vizuri."

"Inasemaje?"

"Ah, ya kawaida tu. Mwaliko." Nikavua miwani nikamrudishia.

Mpaka leo dakika ile hunijia nikiwa natembea barabarani, nami husimama. Nilikuwa na barua mkononi, na mtu wa kuisoma hayuko mbali hata urefu wa mkono kutoka nilipo. Nikachagua jina langu la ukarani. Nikajiambia, nisubiri mapumziko, nitambana Neema pembeni. Kana kwamba nilikuwa nimeandikiwa mahali kwamba mapumziko yatatukuta wote.

Robo ya pili ikaanza. Yohana, kwa kuwa hakupewa mpira, akaamua kuutafuta mwenyewe. Akaruka akaudaka baada ya mpinzani kukosa, akaudunda uwanja mzima peke yake, akafunga. Watu wakasimama kushangilia. Yeye akasimama chini ya kikapu, ameshika jezi yake kifuani, ameikunja kwenye ngumi. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Midomo mikavu. Halafu akaniona namwangalia. Akajinyoosha, akatabasamu, akaninyooshea dole gumba.

Dole gumba lile, mwanangu, ndilo lililonimaliza. Mtoto anateseka, na bado ananificha mie nisijue.

"Bi Sakina," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "miwani yako haina kosa. Mimi sijui kusoma. Nakuomba unisomee, haraka."

Bi Sakina hakunishangaa wala hakuniuliza kitu, akanyakua karatasi akasoma: "Ndugu mzazi, juzi katika mazoezi Yohana alianguka na kupoteza fahamu kwa muda mfupi. Tunaomba apelekwe hospitali akapimwe moyo. Asicheze wala asikimbie mpaka daktari atakaporuhusu..."

Sikusubiri amalize. Nilishuka zile ngazi, nadhani kwa hatua moja, kandambili moja ikabaki juu na nyingine ikaenda kwa mwamuzi. Filimbi ilipulizwa mpaka nikafikiri itapasuka. Nikapita katikati ya watoto, nikambeba Yohana begani na miguu yake mirefu ile.

"Baba, nishushe," akawa ananipiga mgongoni. "Baba, unaniaibisha. Nishushe."

Moyo wake ulikuwa kwenye bega langu. Nilikuwa nausikia. Haukuwa ukidunda kama wa mtu aliyekimbia. Ulidunda mara tatu haraka, ukanyamaza, ukarudi, kama ndege aliyefungiwa ndani ya debe. Na kila uliponyamaza, na mie nilizuia pumzi. Neema alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mpira ameukumbatia, analia. "Nilimwambia asikimbie sana," alikuwa anasema, hajui anamwambia nani. "Nilimwambia."

Bi Sakina alitupakia kwenye kigari chake. Yule mama aliendesha utadhani barabara ya Temeke ni uwanja wa ndege. Hospitali wakampokea Yohana, wakamwingiza ndani na nyaya zao, mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye benchi watatu: mie bila viatu, Neema na jezi yake, Bi Sakina na chupa yake ya chai.

Hofu ikikosa pa kwenda hugeuka hasira. Nikamgeukia binti yangu. "Wewe, tukifika nyumbani utanitambua mie ni nani."

Bi Sakina akaweka chupa chini. "Baba Neema, unataka kumchapa kwa lipi?"

"Alinidanganya, Bi Sakina. Barua inasema hivi, kanisomea vile, na ile tiki kumbe ilikuwa ya kusema daktari karuhusu."

"Na nani aliyempa hiyo kazi? Mtoto wa miaka kumi na mitatu umemfanya ndiye baba wa nyumba. Barua inaingia, yeye anaamua wewe ujue nini. Mdogo wake kamlilia, anataka kucheza, naye ni mtoto, akaona huruma. Uamuzi ule ulikuwa wako. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye kochi unalinda aibu yako. Mchape basi, lakini ujue unamchapa kwa kazi uliyomwachia mwenyewe."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima kitambaa. Sijawahi kupigwa vile, na makontena yameshaniangukia.

Nikamuuliza Neema, taratibu sasa, "Ulijua tangu lini kwamba sijui kusoma?"

Akafuta pua kwa jezi. "Tangu darasa la pili, baba. Siku moja nilisoma barua nikaruka mistari miwili kwa bahati mbaya. Ukaniambia nimesoma vizuri sana."

Miaka mitano, mwanangu. Mtoto alikuwa amenibebea siri yangu miaka mitano, na mie nadhani nimeificha.

Daktari alitoka wakati nimeshamwahidi Mungu vitu ambavyo hata Singida nzima haina. Akasema moyo wa Yohana una hitilafu katika mapigo yake, unatibika kwa dawa na uangalizi, lakini mbio za mashindano basi. Nikamuuliza, je, angemaliza ule mchezo? Akanitazama, akaangalia faili lake, akasema tushukuru kwamba hakuumaliza.

Yohana hakunisemesha wiki mbili. Sikumlaumu. Siku hizi ni mtu mzima, anaishi Mbweni, na Jumamosi hukaa kwenye meza ya waamuzi anawashikia watoto saa ya mchezo. Nikienda kumwona, kila filimbi ikilia macho yangu yanakimbilia kwenye kifua chake kwanza. Hofu ile haikuniacha. Tulikubaliana tu kuishi pamoja.

Mie nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko jengo, magoti yamenifika mashavuni kwenye dawati la watoto. Nilikwenda mpaka nikamaliza kidato cha nne, na siku ya mahafali Neema alipiga vigelegele mpaka mbwa wa Chanika wakaitikia. Lakini cheti siyo kitu cha kwanza nilichokisoma. Siku nilipoweza kuunganisha maneno, niliitoa barua ya kocha. Nilikuwa bado nayo. Nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, karibu asubuhi nzima, mpaka nikaupita mstari ambao Bi Sakina aliufikia mie nikiwa nimeshakimbia. Mwisho kabisa, juu ya pale ulipopita mkasi, iliandikwa hivi: "Ukiwa na swali lolote, mzazi, usisite kuuliza."

Nikalia, mwanangu. Nilikuwa nimetembea na ruhusa ya kuuliza kwenye mfuko wa shati siku tatu.

Basi ninalokuambia ni hilo hilo. Kitu usichokijua, kitaje mapema, kikiwa bado kidogo, mbele ya mtu yeyote aliye karibu. Usikubali jambo ambalo hujalielewa kwa kuwa watu wanakutazama. Na aibu yako ibebe wewe, usimpe mwanao, maana ataibeba kimya kwa kukupenda, na siku itakayomshinda hutakuwa na muda wa kuipokea.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na akuweke karibu na watu wa kukusomea bila kukucheka. Wanao wakimbie, wacheke, warudi nyumbani wakiwa na pumzi zao zote. Na usiku ukiwawekea mkono kifuani, ukute moyo unadunda sawasawa. Amina, mwanangu. Kunywa chai sasa, imeshapoa.