Kikoi Kwenye Nguzo ya Juu

Nianze na upumbavu wangu, maana nikiuweka mwishoni nitashawishika kuupunguza. Siku tatu nzima nilitafuta hitilafu kwenye lifti ya ski, na hitilafu yenyewe ilikuwa kikoi changu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, magharibi mwa London. Theluji hakuna, kilima tu kilichotandikwa mikeka ya plastiki yenye manyoya kama brashi, watu wajifunzie kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, kabla ya kwenda kuvunjikia miguu kwenye milima ya kweli. Lifti ilikuwa waya mrefu unaozunguka na kuwavuta hadi juu, na fundi wa umeme na kompyuta yake ni mimi. Mtu ambaye raha yake ni sebule, chai na hita, kapewa kilima! Lakini ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ufundi tangu nifike Uingereza. Kabla yake nilipanga masanduku ghalani Hayes, na sikutaka kurudi huko.

"Baba watoto," mke wangu alinicheka kila asubuhi, "huko watakuzika na blanketi."

Kwa hiyo shingoni nilijifunga kikoi. Ila karibu na ule waya hairuhusiwi kuvaa kitu kinachoning'inia, kisije kikanaswa. Nikifika juu nakivua, nakifunga kwenye nguzo, naanza kazi. Mfuata kanuni, eti. Kwenye nguzo hiyohiyo palikuwa na jicho la umeme: kitu kikipita mbele yake, linadhani mtu amepitiliza mahali pa kushukia, linasimamisha lifti. Upepo ukivuma, matamvua ya kikoi yanapita. Ukitulia, lifti inakwenda.

Nilibadilisha nyaya. Nikabadilisha kadi mbili za kompyuta. Nikabadilisha hata jicho lenyewe: nilikisogeza kikoi kando ili nifikie skrubu, kisha nikakirudisha.

"Ikisimama tena Ijumaa," msimamizi akasema, "namwita fundi wa kiwandani, na wewe tutazungumza."

Ijumaa ikasimama, watoto wa shule wamekwama katikati ya kilima wakinizomea.

Fundi wa kiwandani alikuja na sanduku dogo. Hakulifungua. Alitazama juu, akapanda, akafungua kikoi, akakikunja vizuri na kunikabidhi kwa mikono miwili. Afadhali angenitukana.

"Jumatatu, ofisini kwangu," msimamizi akasema.

Siku mbili sikutoka ndani, jambo ambalo kwangu si geni, ila safari hii hata chai haikupita. Jumatatu nikaambiwa niendelee na kazi, nisifunge kitu chochote popote.

Nilirudi kifua mbele. Ngazini nikakutana na jirani yetu, mama Mkongomani anayesafisha maofisi, ambaye mke wangu alishamsimulia yote. Nikamwambia wameuona utaalamu wangu, hawawezi kunipoteza.

Akaweka mfuko wake chini.

"Utaalamu gani, baba? Wamekubakiza kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kupanda kile kilima na baridi hii."