Buluu ya Kikwembe cha Mama

Bado naikumbuka siku niliyokwenda kuchota buluu ziwani, mwanangu. Usicheke. Au cheka kidogo, kisha unisikilize, maana Jumatatu unaanza kufundisha watoto wadogo wa maternelle, wale wa chekechea, na naona umejaza simu yako picha za wachoraji mashuhuri, kama vile watoto hao wanaenda kufanya examen d'État ya kumaliza sekondari.

Nilikuwa mdogo kama hao wako. Tulikaa Nguba, upande wa juu, na kutoka mlangoni ziwa lote lilionekana. Mama yangu alikuwa amefariki. Baada ya matanga, shangazi zangu walikuja wakagawana nguo zake, kama ilivyo desturi yetu, wala hawakukosea. Ila kikwembe chake, kile kitenge cha buluu, nacho kiliondoka, na papa, baba yangu, hakulitaja tena jina la mama pale nyumbani. Nikaanza kumsahau. Uso wake ulikuwa unanitoroka, na jambo hilo liliniogopesha kuliko kifo chenyewe.

Basi mwalimu wetu, Maman Faida, mwanamke mnene mwenye sauti ya usingizi, akatuambia kila mtu alete rangi kutoka kwao. Wakati ule nani alikuwa na rangi za dukani? Mmoja akaleta makala meusi ya jikoni, mwingine udongo mwekundu, mwingine sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mimi nilitaka kumchora mama na kikwembe chake. Asubuhi nikashuka ziwani, maji yakiwa buluu hadi ng'ambo, buluu ileile, nikajaza chupa. Nilipoitoa darasani, ndani mlikuwa na maji tu, hayana rangi yoyote. Wenzangu wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Nililia sana, nikidhani sasa nimempoteza mama kabisa.

Maman Faida hakucheka. Aliwanyamazisha kwa kidole, akanikalisha karibu naye.

“Ulikuwa unatafuta bulu ya nini, mutoto wangu?”

“Ya kikwembe ya mama.”

Kisha akafungua kitabu chake cha zamani, akatuonyesha bwawa lenye maua, kazi ya mzee mmoja wa Ulaya aliyelichora bwawa lake hilohilo miaka na miaka, asubuhi na jioni, hata macho yake yalipoanza kufifia.

“Huyu muzee hakuchota maji,” akasema. “Alikuwa anaangalia, anaangalia tena. Na wewe funga macho, uangalie.”

Akachukua unga wa buluu, ule wa kufulia mashati meupe, akaukoroga kwenye kifuniko, akaanza kuniuliza. Iko hivi? Hapana, ilikuwa na giza kidogo. Akatia makala. Hivi? Hapana, imezidi. Tuliendelea hivyo polepole, darasa lote limetulia, harufu ya sombe mbichi imetuzunguka kama tuko ndotoni, na kila aliponiuliza, mimi nilikuwa nakwenda kumtazama mama. Nikaona kikwembe kilikuwa na ndege wa manjano. Nikaona mikono yake ikikifunga. Mwishoni nikauona na uso. Haraka haraka haina baraka: angenipa buluu yoyote ili nimalize, ningemzika mama mara ya pili.

Jioni papa alikuja kunichukua. Akaiona ukutani ile karatasi niliyomchora mama, akasimama palepale.

“Njo ile, ndiyo ile ya ndege,” akasema. “Alikuwa amevaa ile siku nilimuona mara ya kwanza, pale Nyawera.”

Kisha akalitaja jina lake, Nabintu, kwa sauti, mbele ya watu. Njia nzima ya kurudi alinisimulia habari zake, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

Kwa hiyo, mwanangu, waonyeshe watoto hao wachoraji wakubwa, wa Ulaya na wa Kinshasa pia, si vibaya. Lakini usimwambie mtoto kwamba mti ni kijani kabla hujamuuliza mti wake una rangi gani. Muulize, kisha ngoja jibu, hata kengele ikilia. Kuuliza si ujinga, na mwalimu ndiye anayepaswa kutangulia. Wala usimwache achekwe, kwa kuwa hujui anatafuta nini kwenye karatasi yako. Pengine anamtafuta mtu.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira, na kila mtoto atakayeketi mbele yako asipotelewe na yule ampendaye.